Khabari ya Askari Mzee wa Nangwa na Msahafu Usio Wake

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mauti na uhai, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baada ya haya.

Enyi ndugu zetu wa pwani, wa Tanga na Pangani na Bagamoyo, wa Unguja na Mombasa na Lamu, karatasi hii twawaandikia kutoka Nangwa, mahali palipo chini ya mlima Hanang, katika njia itokayo Babati kwenda Katesh na Singida. Najua ya kuwa wengi wenu mkisikia neno bara hudhani ni nchi isiyo na adhana, na mimi mwenyewe, mtu wa pwani niliyekulia chuoni na madrasa, nalikuja huku na dhana hiyo hiyo kifuani. Mwenyezi Mungu anisamehe. Nalikuta misikiti na watu wake, Warangi waliotoka Kondoa, na Wanyaturu, na Wairaqw waliosilimu, na watoto wanaokwenda chuoni alfajiri katika baridi ambayo sisi wa pwani tungejifunika blanketi mbili tusitoke.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwaka 2024 twalimzika mzee mmoja hapa, aliyepata umri wa miaka themanini na zaidi. Sitamtaja jina, kwa kuwa aliusia nisimtaje. Alikuwa mkulima, mume wa wake wawili waliomtangulia, baba na babu wa watu wengi, na katika ujana wake alikwenda vitani kupigana na majeshi ya Idi Amin. Siku ya maziko jeneza lilipowekwa mbele na safu zikapangwa, mgeni mmoja mfanya biashara, aliyepanda kutoka pwani kununua mbaazi na maharage, alitoka katika safu akasimama kando. Alipoulizwa akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu aliwaua Waislamu. Sitamsalia." Watoto wa marehemu wakasikia. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye mvi, akainama kichwa kama aliyepigwa.

Twalisali, twalizika, na talakini ikasomwa. Lakini neno lile halikuzikwa. Nimepata khabari kwamba limeteremka mpaka pwani pamoja na magunia ya mbaazi, na huko laongezwa chumvi. Basi yapasa lijibiwe kwa ilimu, si kwa hasira.

Kwanza jueni ilivyokuwa vita yenyewe, kwani vijana wengi hawakuiona. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Amin waliingia nchi ya Tanganyika upande wa Kagera, wakaua, wakapora ng'ombe na mali, na siku ya kwanza ya Novemba ikatangazwa Kampala ya kuwa nchi yote mpaka mto Kagera sasa ni ya Uganda. Serikali ikakusanya mgambo mikoani, na wilaya hii ya Hanang, ambayo siku hizo ilikuwa katika mkoa wa Arusha, kwani Manyara ilifanywa mkoa mwaka 2002, nayo ikatoa watu wake. Mzee wetu alikuwa mtu wa miaka kama arobaini, ana watoto wadogo, mahindi yake yamo shambani. Akafundishwa bunduki kwa muda mfupi akapelekwa.

Ni kweli Amin alikuwa Mwislamu kwa jina lake, na ni kweli Walibya waliotumwa kumsaidia walikuwa Waislamu. Wala sifichi ya kuwa katika misikiti yetu ya pwani siku zile palikuwa na watu waliosema chini kwa chini kwamba hii ni vita juu ya Uislamu. Wenye kusema hivyo huitoa hadithi sahihi ya Abu Bakra, waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Waislamu wawili wakikutana kwa panga zao, aliyeua na aliyeuawa wote ni wa motoni. Hadithi ni ya haki. Walakini mwenye kuisoma hadithi moja na kuiacha aya ni kama mwenye kupanda chombo akasahau tanga. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Alhujurat, aya ya 9, ametaja makundi mawili ya waumini yanayopigana, akayaita yote mawili waumini, akaamrisha wapatanishwe, na likidhulumu moja, apigwe yule mwenye kudhulumu mpaka arejee. Na Imamu Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu yetu, ameieleza hadithi ile ya kuwa ni juu ya wale wapiganao kwa ushabiki na mambo ya dunia, wasio na hoja.

Na katika vitabu vyetu vya Shafi'i umo mlango wa mshambulizi, mtu anayekujia kutaka nafsi yako au watu wako au mali yako. Ruhusa ni kumzuia kwa lile jepesi, na lisipotosha kwa zito zaidi, hata ikiwa yeye ni Mwislamu. Mtu wa Kagera aliyechomewa nyumba hakuulizwa dini ya aliyewasha moto. Ama kuvuka mpaka na kwenda mpaka Kampala, iliyotwaliwa Aprili 1979, hapo yapo maneno marefu, na mimi sitasema kwamba Serikali ile ilipigana kwa hukumu ya sharia, kwani haikudai hivyo. Lakini maneno hayo waulizwe waliotoa amri. Mgambo wa Nangwa hakushika ramani.

Na tuseme hata kama alikosa. Je, Mwislamu mkosa hasaliwi? Sala ya jeneza ni faradhi ya kifaya juu yetu kwa kila Mwislamu aliyekufa, mwema na muovu, na mwenye dhambi ndiye mwenye haja zaidi ya dua. Imepokewa ya kuwa Bwana wetu Ali, baada ya vita vya Ngamia, aliwasalia waliouawa wa pande zote mbili, na panga zile zilikuwa za masahaba. Basi yule mfanya biashara wa mbaazi ni mchaji kuliko Ali?

Enyi wa Pangani, mtu wenu mmoja ni Kleist Sykes, aliyezaliwa huko mwaka 1894. Alikuwa askari wa Wadachi tangu ujana, akapigana chini ya bendera yao katika vita vya 1914 mpaka 1918. Kisha akaivua ile nguo, akawa katika waliouanzisha Umoja wa Waafrika Dar es Salaam mwaka 1929, naye akiwa katibu, na mwaka 1933 akawa katika walioasisi Al-Jamiatul Islamiyya, ili watoto wa Kiislamu wapate kusoma. Akafa mwaka 1949. Mtamwondoa katika hesabu ya Waislamu kwa sababu ya miaka aliyoshika bunduki ya Mdachi? Mwanadamu huhesabiwa maisha yake yote, na Mwenye kuhesabu si sisi.

Sasa nitasema niliyoyaona mimi, kwani Mtume (s.a.w.) lilipopitishwa jeneza na watu wakalisifu kwa kheri alisema imethubutu, akawaambia masahaba kwamba wao ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Ushahidi hautakiwi kufichwa.

Nalikaa jirani yake miaka kumi na moja. Sikumsikia hata siku moja akimpiga mtoto. Katika nchi hii, na kwetu pia, mzee asiyeshika fimbo huonekana amezubaa, na wanawe wakubwa walimlaumu kwa wajukuu watundu. Nalimuuliza. Akanitazama mikono yake akasema, "Shehe, mkono huu naujua. Nilipotoka vitani nalimwambia mke wangu, mimi nisiguse mtoto kwa hasira, nikigusa nizuie." Na yule mke mkubwa, marehemu, alinihadithia mwenyewe kwamba miaka mingi baada ya vita mumewe alikuwa akiamka usiku kwa ukelele, naye humwekea kiganja kifuani na kumwambia, "Uko Nangwa. Hao ni ng'ombe." Kisha huinuka akatia udhu akasali mpaka alfajiri. Watu walimwona mwenye ibada nyingi, na ibada ilikuwa nyingi, lakini mlango wake ulikuwa ni ule ukelele.

Wakeze wawili aliwagawia sawa mpaka katika kuni. Alipopata ng'ombe wa pili wa maziwa hakumpeleka nyumba yoyote mpaka alipopata wa tatu. Wanawe wa kike aliwasomesha sawa na wa kiume, na mmoja wao ni muuguzi leo. Alipougua mke mdogo, ugonjwa wa miaka miwili, alimwosha kwa mkono wake, akimpikia uji, akikataa wajukuu wamsaidie ila kuteka maji. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mbora wetu ni aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake, nasi twaihutubia hadithi hiyo kila harusi, kisha twarudi nyumbani tukaulize mbona chai imepoa.

Mwezi wa Desemba 2023, tarehe 3, tope na mawe na miti iliteremka kutoka mlima Hanang ikaingia Katesh na vijiji vya karibu, wakafa watu zaidi ya themanini. Mzee akiwa hawezi tena kwenda mbali, alifungua ghala yake akawaita wanawe, akasema watie mahindi katika magari mpaka atakapowaambia basi. Hakuwaambia basi. Walisimama wenyewe ilipobaki mbegu. Ndugu zetu Waislamu waliokufa katika tope lile twataraji daraja ya shahidi wa akhera, kama ilivyokuja katika hadithi juu ya aliyegharikishwa na aliyeangukiwa. Ama mzee wetu alikufa kitandani kwake. Hakuwa shahidi, tukamwosha na kumkafini kama desturi, wala yeye hakupata kudai ushahidi wala ushujaa. Habari ya vita alipoulizwa na vijana alikuwa akisema, "Siku ya kwanza nalikimbia." Basi, na hapo humaliza.

Nami nalijua zaidi, na kisa chake ndicho kilichonifanya nimwandikie karatasi nzima.

Mwaka wa tatu wa ukaazi wangu nalisali nyuma yake sala ya isha nyumbani kwake, mvua ikiwa imetuzuia. Akasoma Fatiha, akafika katika aya ya nne akasoma Maliki, mim yake fupi, pasipo kuivuta. Vijana waliokuwapo wakatazamana, kwani chuoni twawafundisha kuivuta, kwa kisomo cha Hafs. Mimi nikastaajabu zaidi yao, kwa kuwa kisomo kile kifupi ni sahihi, ni cha Imamu Nafi', wakisomacho watu wa Maghribi na Walibya. Baada ya sala nikamuuliza, "Babu, nani alikusomesha hivi?" Akanyamaza. Akasema, "Msahafu wangu." Nikasema nauona. Akasema, "Siku nyingine."

Siku nyingine ilikuja baada ya miaka minne. Alinita pekee, akatoa sandukuni msahafu mdogo wa kiganja, umefungwa katika kitambaa cha kaniki, jalada lake lina doa jeusi. Nikaufungua. Hati yake ni ya Kimaghribi, ile fa yenye nukta chini na kafu yenye nukta moja juu, hata mtoto wa chuo cha kwetu angedhani ina makosa. Na ndani ya jalada kwa kalamu ya risasi limeandikwa jina la mtu, na jina la baba yake, na mji wake katika Libya.

Akanieleza. Mahali paitwapo Lukaya, katika njia ya kwenda Kampala, usiku wa tarehe 10 Machi 1979, majeshi ya Amin pamoja na Walibya yaliwashambulia kwa mizinga ya maroketi, na brigedi yake ilikuwa karibu yote ni mgambo ambao hawajaona vita. Wakatawanyika katika matete ya kinamasi. Ndiyo siku aliyokimbia. Kulipokucha wakapangwa upya, na brigedi nyingine ikaja kwa nyuma ya adui, na Walibya wengi wakauawa pale, vijana waliopelekwa nchi wasiyoijua. Katika kupita kwake kati ya maiti akamwona mmoja, mkono u juu ya mfuko wa kifuani. Akadhani ni fedha. "Nalitaka fedha, Shehe," akanambia, "usiniandikie kwamba nalitaka Kurani." Akafungua mfuko akakuta msahafu. Hapo ndipo alipojua kwamba maiti huyu naye alikuwa akisali.

Aliuchukua, akarudi nao Nangwa, akausoma miaka arobaini. Kila alipokhitimu alimwombea mwenyewe. Lakini moyo haukutulia, na sasa aliniuliza swali moja, wala hakulizungusha: je, mali hii ni yangu?

Nalitamani kumwambia ndiyo. Mtu wa miaka themanini, na kitabu cha Mungu, na nia njema, nani angenilaumu? Lakini sikusoma ilimu ili niwafurahishe wazee. Nikamwambia, Babu, ngawira ina masharti yake, na mali ya Mwislamu aliyepigwa kwa kuzuiwa udhalimu haiwi ngawira. Imamu wetu Shafi'i amechukua hukumu hizo katika mwendo wa Bwana wetu Ali, ambaye hakuruhusu mali za aliopigana nao zigawanywe. Mwenye msahafu amekufa, basi ni mirathi ya warithi wake, na wewe ni mwenye kushika amana usiyopewa. Wajibu wako ni kuwatafuta. Wakikosekana kabisa, matumaini yakikatika, wanavyuoni wetu, naye Ghazali ni mmoja wao, wamesema mali isiyojulikana mwenyewe itolewe katika maslaha ya Waislamu au kwa mafakiri. Na mpaka hapo, acha kuusoma.

Alilia, nami nikalia. Akaufunga katika kaniki. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na nilichokwisha hifadhi kwa kuusoma, Shehe, hicho nacho nikirudishe?" Alikuwa amehifadhi juzuu saba. Nikamwambia kile hakipungui kwa kutolewa, kibaki kwake, na thawabu zake twataraji ziwafikie wote wawili.

Tangu siku ile hakuufungua. Alisoma kwa hifadhi tu, na kila alipofika Maliki, aliisoma fupi vile vile.

Tulifanya tuliyoweza. Nalinakili jina na mji kwa hati yangu, tukawapa mahujaji wa miaka mitatu, wakiwakuta Walibya Makka na Madina wawaulize. Mmoja aliambiwa kwamba ukoo wa jina hilo upo mji ule na ni mkubwa. Barua ikapelekwa kwa mkono, na majibu hayajarudi, na nchi ya Libya yenyewe tangu mwaka 2011 imepitiwa na fitina zake. Katika wasia wake mzee aliuweka msahafu wa kwanza kabla ya shamba na ng'ombe, kwa kuwa deni hutolewa kabla ya mirathi, akamwamrisha mwanawe mkubwa aendelee kutafuta miaka mitano, na baadaye kama hapana khabari uwekwe wakfu msikitini kwa jina la yule Mlibya, si kwa jina lake. Gharama zitoke katika thuluthi.

Huyu ndiye aliyekataliwa kusaliwa kwa kuwa aliwaua Waislamu. Yule mfanya biashara hamjui mwenye msahafu hata jina. Mzee alimwombea kila khitima miaka arobaini.

Imepokewa na Tirmidhi kwamba bora ya watu ni aliyerefuka umri wake na yakawa mema matendo yake. Nami nikiutazama umri huu naona haukuwa safi kama maziwa. Ulianza na mfuko wa maiti uliofunguliwa kwa tamaa ya fedha, ukaenda na hofu ya mkono wake mwenyewe, na usingizi uliokatika, ukawa mrefu kiasi cha kumpa Mola wake nafasi ya kumtengeneza. Mwenye kumjua mtu kwa siku yake moja, iwe Lukaya au iwe siku ya jeneza, hajamjua.

Mfanya biashara akirudi msimu wa mbaazi, mwanawe marehemu amesema atampa chumba na chakula kama alivyokuwa akifanya baba yake kwa wageni wote, wala hatamuuliza neno. Mimi nitampa karatasi hii. Na miongoni mwenu, enyi wa Mombasa na Unguja, aliye na jamaa au rafiki Tripoli au Misrata au Benghazi, mwenye kusafiri au kuandikiana nao, na atuletee khabari chuoni Nangwa, nasi tutampa lile jina kwa mkono. Msahafu uko kwa mwanawe mkubwa, katika sanduku lile lile, na miaka miwili ya ile mitano imekwisha karibu.